Kutoka dishi kwenda kebo: piga hesabu kabla hujaita fundi

Mikoani, mitaa mingi ya mjini sasa ina mtu wa kebo. Waya wake mweusi unaruka nguzo hadi nguzo, unaingia kwa jirani yako kupitia dirisha la sebuleni, na jirani anajisifu kwamba analipa nusu ya unacholipa wewe kwenye king'amuzi cha dishi. Hakudanganyi. Bei ya kebo kwa mwezi mara nyingi iko chini ya kifurushi cha kati cha dishi, na wengi wakishaliona hilo huacha kuhesabu, wakaita fundi. Mwongozo huu unaanzia pale wanapoachia.

Niseme mapema ninachoamini. Kebo huokoa fedha katika nyumba inayolipia dishi kila mwezi bila kuruka, na ambayo haijashikwa sana na mpira. Nyumba nyingine, na ni nyingi, zingeokoa zaidi kwa kubaki na dishi lao na kushusha kifurushi. Utajua uko kundi gani ukimaliza hatua mbili za mwanzo, ambazo hazitaki kitu zaidi ya daftari na kalamu.

KWA NINI KEBO NI NAFUU

Kampuni ya dishi inakodi nafasi kwenye setilaiti. Azam TV inarushwa kutoka nyuzi 7 mashariki, DStv kwa huku kwetu nyuzi 36 mashariki. Ndiyo maana dishi la DStv hapa Tanzania hutazama karibu utosini, na la Azam huegemea magharibi. Juu ya kodi hiyo kuna haki za kuonyesha. Azam ndiyo yenye Ligi Kuu ya Tanzania Bara, kwa mkataba wa miaka kumi uliotiwa saini 2021. DStv ndiyo yenye Ligi Kuu ya England na tamthilia za Maisha Magic Bongo. Vitu hivyo ni ghali, na mlipaji wa mwisho ni wewe.

Mwenye kebo hana setilaiti ya kulipia. Ana madishi machache makubwa kwenye kituo chake, anadaka chaneli, nyingi zikiwa zile zinazorushwa bure angani kutoka nchi mbalimbali, anazipanga kwenye mitambo yake na kuzisukuma kwa waya mtaa kwa mtaa. Gharama zake ni nguzo, waya, umeme na vijana wa kupanda ngazi. Kwa hiyo ukiweka bei mbili kando kwa kando, kumbuka unalinganisha bidhaa mbili: kifurushi chenye haki za mpira na filamu mpya, na mkusanyiko wa chaneli ambao sehemu yake kubwa haina mwenye kuidai.

Kisheria, mwenye kebo anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na ruhusa ya wenye chaneli anazorusha. Ukikuta kebo ya bei ya chai inaonyesha kila mechi ya ligi zote, jiulize nani amezilipia. Kama hakuna, siku wenye haki wakigonga mlango mitambo inazimwa, na wewe uliyelipa miezi sita mbele huna wa kumdai.

HATUA YA 1: HESABU MWAKA, USIHESABU MWEZI

Tofauti kubwa kati ya dishi na kebo haiko kwenye bei, iko kwenye namna ya kulipa. Dishi hulipwa kabla. Hujalipa, king'amuzi kinanyamaza na hakuna anayekufuata. Januari ya ada za shule watu hawalipi. Ligi ikipumzika katikati ya mwaka hawalipi. Wakisafiri kwenda kijijini hawalipi. Mtu anayesema "nalipa elfu ishirini na nane kwa mwezi" mara nyingi hulipa miezi minane au tisa tu kwa mwaka, bila yeye mwenyewe kujua.

Kebo haina utaratibu huo. Mwezi ukipita bila malipo wanakuja kuchomoa waya kwenye nguzo. Ukitaka kurudi kuna ada ya kurudishiwa, na wapo wanaodai pia mwezi uliokaa gizani. Kwa hiyo kebo ihesabu miezi 12 kamili, na dishi ulihesabu kwa miezi uliyolipa kweli.

Fanya hivi:

1. Omba taarifa ya miamala ya miezi 12 kwenye mtandao unaolipia, iwe M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au mwingine.
2. Zungushia kila malipo ya king'amuzi. Jumlisha, pamoja na makato ya muamala.
3. Ongeza hela ya fundi dishi kama aliitwa, na rimoti au LNB kama ulibadilisha.
4. Andika idadi ya miezi uliyolipa. Namba hii itakusaidia kuliko zote.

┌ KISANDUKU: HESABU YA NYUMBA YA MFANO
Tuchukue kifurushi cha dishi cha 28,000. Kebo ya mtaani ni 15,000 kwa mwezi, kuunganishiwa ni 40,000, waya na vikorokoro 20,000. Bei hizi ni za kufanyia hesabu tu. Weka za mtaani kwako.

Kebo mwaka wa kwanza: 180,000 + 60,000 = 240,000. Mwaka wa pili: 180,000.

• Ulikuwa unalipa dishi miezi 12 (336,000): umeokoa 96,000 mwaka wa kwanza na 156,000 wa pili. Hamia.

• Ulikuwa unalipa miezi 9 (252,000): umeokoa 12,000 mwaka wa kwanza na 72,000 wa pili. Si nyingi kwa usumbufu wenyewe.

• Ulikuwa unalipa miezi 9, lakini ukishahamia kebo unarudi kulipia dishi miezi 3 ya mpira mkali (84,000): mwaka wa kwanza umetumia 324,000, yaani 72,000 zaidi ya zamani. Hata mwaka wa pili unazidisha 12,000.

• Umebaki na dishi, ukashuka hadi kifurushi cha 12,000 miezi yote 12: 144,000. Hakuna ukuta uliotobolewa.
└

Mstari wa tatu ndio unaowaumiza watu. Kebo inaingia, mwezi wa kwanza raha, halafu watani wa jadi wanakaribia kukutana na kebo haina mechi. Baba anachukua simu kimyakimya, analipia king'amuzi cha zamani "mwezi huu tu". Nyumba sasa inalipa mara mbili na kila mtu bado anaamini wamebana matumizi.

HATUA YA 2: JUA NYUMBA INAANGALIA NINI

Kwa wiki mbili, daftari likae juu ya meza ya runinga. Kila anayekaa kuangalia aandike chaneli. Usiulize watu wanapenda nini, maana kila mtu atataja chaneli ya habari na ya wanyama. Angalia wanachofungua saa mbili usiku na Jumamosi asubuhi.

Mara nyingi orodha haizidi chaneli sita au saba. Zigawe mafungu matatu:

• Za bure za nyumbani, kama TBC, ITV, Star TV na Channel Ten. Hizi hazihitaji dishi la kulipia wala kebo. King'amuzi cha antena kinazidaka panapofika mawimbi.
• Za nje ambazo kebo nyingi huwa nazo: katuni, filamu za Kihindi, za Kinaijeria, dini, habari za kimataifa.
• Zinazopatikana kwenye kampuni moja tu: michezo na tamthilia zilizonunuliwa haki.

Kama fungu la tatu lina chaneli moja inayoangaliwa kila siku, kebo halali haitakutosha. Ilete hiyo kwanza kwenye kikao cha familia, kabla ya hela kutoka. Bibi aliyeambiwa baadaye kwamba tamthilia yake imeondoka hasikilizi habari ya bajeti.

Kabla ya kwenda mbele jaribu pia njia mbili za bei ndogo zaidi. Ya kwanza, mwezi ujao lipia kifurushi cha chini yake na uone nani atalalamika. Ya pili, acha kifurushi kiishe makusudi, kisha pita chaneli moja moja uone zipi zimebaki. Tangu mitambo ya analojia izimwe, kuanzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wamezoea kudhani kwamba bila kulipia hakuna picha. Kama nyumba yako inaridhika na chaneli za nyumbani, king'amuzi cha antena kinanunuliwa mara moja, na hapo kebo na dishi vyote vinakuwa anasa.

HATUA YA 3: PIGA HODI KWA MAJIRANI WATATU

Usiende dukani kwa mwenye kebo kwanza. Pale runinga imechomekwa kwenye chanzo chenyewe, picha lazima ing'ae. Nenda kwa majirani wanaotumia waya huohuo, hasa anayekaa mwisho wa mtaa, maana mawimbi hupungua nguvu kadiri waya unavyorefuka. Nenda saa mbili usiku. Waulize:

• Picha ina chenga, au inaganda?
• Mvua ikinyesha inakuwaje?
• Ikiharibika, fundi anakuja baada ya saa ngapi au siku ngapi?
• Chaneli zilizokuwepo mwaka jana bado zipo?
• Umeme ukikatika, na ukiwa na sola, kebo inaendelea?

Swali la mwisho nalipa nafasi yake, kwa sababu wauzaji hawalitaji na wanunuzi hawalikumbuki.

KEBO INAKULA UMEME USIOUONA

Dishi halihitaji umeme wa mtu mwingine. Ukiwa na betri na sola ya kuwasha runinga na king'amuzi, TANESCO wakikata mtaa mzima wewe unaendelea kuangalia. Kebo si hivyo. Njiani kuna busta, vile visanduku vinavyoongeza nguvu ya mawimbi kila baada ya umbali fulani, na kila busta inahitaji umeme wake. Umeme wa mtaa wenye busta ukikatika, nyumba zote za mbele yake zinakosa picha hata kama kwao taa zinawaka. Ipo mitaa ambayo busta imechomekwa kwenye soketi ya mteja mmoja. LUKU ya huyo bwana ikiisha, mtaa mzima unamlaani.

Wewe mwenyewe unaweza kuombwa busta ikae kwako, kwa ahadi ya kebo ya bure au punguzo. Usikubali kabla ya kusoma wati zilizoandikwa kwenye kisanduku. Busta ya wati 20 inayowaka usiku na mchana hula takriban uniti 14 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye bei ya matumizi madogo, isiyotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi, uniti 14 zinaweza kukuvusha mpaka huo na kukupandishia bei ya kila uniti unayonunua. Ofa ikageuka deni.

Kwa anayeishi kwa sola, jibu langu ni fupi: baki na dishi.

HATUA YA 4: MASWALI KWA MWENYE KEBO

Sasa nenda ofisini kwake. Nenda mchana, ukiwa na orodha yako ya chaneli.

1. Leseni yako ya TCRA iko wapi niione? (Ofisi halali huibandika ukutani. Majina ya wenye leseni pia yako kwenye tovuti ya mamlaka.)
2. Ada ya kuunganisha inajumuisha mita ngapi za waya? Mita ya ziada ni shilingi ngapi?
3. Kuna king'amuzi? Ni changu au cha kuazima, na nikiondoka narudishiwa amana?
4. Runinga ya pili ndani ya nyumba inalipiwa?
5. Nikisafiri mwezi mzima, naweza kusimamisha huduma bila ada?
6. Kebo ikizimika siku tano, mnafidia siku ngapi?
7. Malipo yanaingia kwenye namba ya kampuni au ya kijana anayepita mitaani? Napata risiti ya EFD?

Swali la tano na la sita ndiyo kipimo. Anayekujibu "usijali, tutaelewana" hajakujibu. Mwombe aandike nyuma ya risiti. Akikataa, umepata jibu.

HATUA YA 5: KAGUA RUNINGA YAKO

Kebo ziko za aina mbili. Ya analojia huingia moja kwa moja kwenye tundu la antena la runinga, bila king'amuzi, na runinga yoyote, hata ya kizamani yenye mgongo, inaipokea. Ubaya wake ni picha: kwenye kioo cha inchi 43 nyuso zinakuwa kama zimepakwa unga. Ya dijitali ni safi, lakini inataka ama king'amuzi cha mwenye kebo, ama runinga yenye uwezo wa DVB-C ndani. Soma lebo ya nyuma au kitabu chake. DVB-T2 ni ya antena, DVB-S2 ni ya dishi, DVB-C ndiyo ya kebo. Runinga nyingi mpya zina C pamoja na T2, na hapo unaweza kuokoa hela ya king'amuzi, mradi mwenye kebo hajafunga chaneli zake kwa kadi.

HATUA YA 6: SIKU YA KUUNGANISHA

Uwepo nyumbani. Fundi wa kebo anayeachwa na mtoto wa shule hutoboa ukuta pale panapomrahisishia yeye. Kama umepanga, mwenye nyumba awe amekubali tundu na misumari kabla ya siku hiyo.

1. Zima runinga na king'amuzi, chomoa kwenye umeme.

2. Mwonyeshe fundi waya uliopo wa dishi. Waya wa dishi wa kawaida, RG6, ni uleule unaofaa kwa kebo. Kama hauna viungo wala michubuko, unaweza kutumika kuanzia darini hadi kwenye runinga, na umeepuka kulipia mita za ndani. Akisema haufai, muulize kwa nini. Wakati mwingine ana sababu, wakati mwingine ana mzigo wa waya wa kuuza.

3. Angalia njia ya waya wa nje. Usipite juu ya waya wa TANESCO unaoingia nyumbani, wala usifungwe pamoja nao. Kabla ya kuingia ndani waya ulegee kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kuufuata ndani.

4. Kama runinga ni mbili, spilita iwe moja tu na iwekwe karibu na pale waya unapoingilia. Spilita ya njia mbili hugawa nguvu ya mawimbi karibu nusu kwa nusu. Ukiunga spilita juu ya spilita, runinga ya mwisho inabaki na mabaki. Soma maandishi juu yake: kwa kebo inatosha iliyoandikwa 5–1000 MHz. Ya dishi inayoanzia 950 MHz haifai.

5. Waya wa kebo uchomekwe kwenye tundu la antena la runinga au kwenye king'amuzi cha kebo. Kichwa cha kuzungusha, kama cha dishi, hakiingii kwenye tundu la kuchomeka. Kuna kipande kidogo cha kubadilishia, cha bei ndogo, ambacho fundi anatakiwa awe nacho mfukoni.

6. Washa. Kwenye menyu ya runinga chagua kutafuta chaneli, na pale inapouliza chanzo chagua Cable, si Antenna. Kosa hili pekee limewafanya watu wengi waamini kebo yao haina kitu.

7. Kabla fundi hajaondoka, pitia orodha yako ya chaneli moja baada ya nyingine, mbele yake. Zinazokosekana au zenye chenga ziandikwe. Ndipo ulipe baki ya ada.

┌ KISANDUKU: HATARI TATU
• Usichomeke waya wa kebo kwenye tundu la LNB la king'amuzi cha dishi. King'amuzi hicho hutuma umeme wa volti 13 au 18 kwenda juu kwenye dishi. Ukiupeleka kwenye waya wa kebo unaweza kuua spilita au busta, na lawama itakuwa yako.
• Mvua ya radi ikija, chomoa runinga kwenye soketi na pia chomoa waya wa kebo. Waya huo umepita nguzo nyingi kabla ya kufika kwako, na radi ikipiga popote njiani ina barabara ya moja kwa moja hadi sebuleni.
• Ukigusa kichwa cha waya ukasikia umeme, hata kidogo, usikiguse tena. Mpigie mwenye kebo, na watoto wasisogee. Mahali fulani waya wake umegusana na usichotakiwa kugusa.
└

HATUA YA 7: MIEZI MITATU YA MAJARIBIO

Usikubali kulipa mwaka mzima kwa ajili ya punguzo. Lipa mwezi kwa mwezi kwa miezi mitatu, na kwa muda huo dishi libaki juu ya bati na king'amuzi kibaki kabatini na kadi yake. Bandika karatasi nyuma ya mlango: kila siku ambayo kebo imezimika zaidi ya saa moja, weka alama. Kila mara mtu anapokwenda kuangalia mechi banda umiza au kwa jirani, andika na kiasi alicholipa. Hiyo nayo ni gharama ya runinga.

Miezi mitatu itakupitisha, ukiwa na bahati, kwenye masika au vuli. Hapo utapima kitu ambacho maneno ya muuzaji hayapimi. Dishi dogo la nyumbani hupoteza mawimbi mvua kubwa ikipita, kisha hurudi yenyewe mvua ikikatika. Kebo huvumilia wingu, kwa sababu madishi ya kituoni ni makubwa, lakini maji yakiingia kwenye kiungo cha waya juu ya nguzo hairudi yenyewe. Inasubiri kijana na ngazi.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuuza king'amuzi wiki ya kwanza. Furaha ya bei mpya bado mbichi, mtu anamtupia shemeji yake kwa bei ya hasara. Mwezi wa nne ananunua kingine.

Kumlipa mkusanyaji mkononi bila risiti. Vijana hawa hubadilika. Aliyekuja mwezi uliopita hayupo, na daftari la huyu wa sasa linaonyesha unadaiwa.

Kuvuta waya wa jirani kwa siri, au kugawana kwa kuchangia. Mbali na kuwa ni wizi wa huduma, spilita ile ya pili inaharibu picha ya nyumba zote mbili, na fundi wa kebo akija kupima atagundua dakika ya kwanza.

Kudhani kifurushi cha simu kitaziba pengo. Saa moja ya video safi inaweza kula gigabaiti mbili au zaidi. Mechi mbili kwa wiki kupitia simu zinaweza kuvuka kile ulichookoa kwenye kebo.

┌ KAMA UKO NAIROBI AU MOMBASA
Hesabu yako ni nyingine kidogo. Huko runinga ya waya mara nyingi huja pamoja na intaneti ya nyumbani, kama wanavyouza Zuku. Usilinganishe runinga na runinga. Linganisha bili mbili za sasa, ya dishi na ya intaneti, na ile moja itakayozibeba zote. Kama intaneti ya nyumbani hukuwa nayo na huihitaji, unaongeza bili, hupunguzi. Na kama unachotaka ni chaneli za Kenya tu, kisanduku cha kunasa matangazo ya bure hulipiwa siku ya kununua, basi.
└

HUDUMA IKIWA MBOVU

Anza na mwenye kebo, kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi una tarehe, tatizo na siku zilizopotea. Hifadhi risiti na ile karatasi ya nyuma ya mlango. Asipokujibu, au akikujibu kwa kukukatia, peleka shauri TCRA. Ina ofisi za kanda Arusha, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar, kwa hiyo si lazima usafiri mbali. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimama upande wa mteja. Mwenye leseni ana cha kupoteza mbele ya vyombo hivi. Asiye na leseni atahama mtaa, na ndiyo sababu swali la kwanza la Hatua ya 4 lilikuwa la kwanza.

DISHI ULILOLIACHA

Miezi mitatu ikipita na karatasi yako ikawa na alama chache, amua la kufanya na dishi. Ushauri wangu ni kulibakiza juu kama halivujishi bati. Kulirudisha baadaye na kulitega upya ni hela ya fundi, na mwelekeo ukikosea kidogo tu hakuna picha. Funga kichwa cha waya kwa mfuko wa nailoni na gundi ya umeme, maji yasipenye.

Ukiamua kuuza king'amuzi, kiuze na kadi yake, rimoti na chaja, kwa bei ya kueleweka. Kwanza piga simu huduma kwa wateja, uondoe jina na namba yako ya simu, mnunuzi asajiliwe kwa yake. Usipofanya hivyo, ujumbe wa kukumbushwa kulipia utaendelea kuja kwako kila mwisho wa mwezi, na siku king'amuzi kikikutwa baa kinaonyesha mechi kwa kifurushi cha nyumbani, jina litakalosomwa ni lako.